Sara Banzet, Louise Scheppler na Ujira wa Mwalimu wa Watoto Wadogo

Katika vitabu vya historia ya Kanisa tunavyovitumia vyuoni, habari za elimu ya watoto wadogo huguswa kwa aya moja au mbili tu, nazo kwa kawaida hutaja majina matatu: Johann Friedrich Oberlin, Theodor Fliedner na Friedrich Fröbel. Wa kwanza alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Wa pili alikuwa mchungaji wa Kiinjili katika ufalme wa Prusia. Wa tatu alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Basi Mlutheri asomapo aya hizo huona fahari, na fahari hiyo si ya bure. Hata hivyo, makala hii inakusudia kuuliza swali ambalo aya hizo haziulizi: ni nani hasa aliyekaa na watoto chumbani, na alilipwa nini? Swali hili laweza kuonekana dogo, tena la kihasibu kuliko la kitheolojia. Lakini kwa maoni yangu, jinsi Kanisa lilivyolijibu katika karne ya 18 na ya 19 ndiyo iliyoumba hali ya mwalimu wa chekechea katika sharika zetu.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba matengenezo ya karne ya 16 hayakuwaacha watoto. Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwasihi waanzishe shule, na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliikabidhi kwa mkuu wa kila nyumba ili aifundishe jamaa yake. Mpango huu ulikuwa na maana kubwa, lakini uliegemea dhana moja: kwamba nyumbani yuko mtu mzima mwenye nafasi, na mtu huyo anajua kusoma. Palipokosekana mambo hayo mawili, mtoto wa miaka mitatu au minne alibaki kati ya ubatizo na shule bila mtu wa kumshika mkono.

Bonde la Mawe

Mahali palipokosekana yote mawili ni Ban de la Roche, bonde la milima ya Vosges katika jimbo la Alsace, ambalo Wajerumani huliita Steinthal, yaani Bonde la Mawe. Wakazi wake walikuwa Walutheri waliotawaliwa na mfalme Mkatoliki wa Ufaransa. Udongo ulikuwa haba, majira ya baridi yalikuwa marefu, na barabara ya kwenda mjini haikuwapo. Watu walisema lugha yao ya kienyeji ambayo mgeni kutoka Paris asingeielewa, na ambayo haikuwa na vitabu.

Mchungaji Jean-Georges Stuber, aliyefika huko mara ya kwanza mwaka 1750, aliikuta shule katika hali ambayo husimuliwa hata leo. Alipoomba kumwona mwalimu alionyeshwa mzee dhaifu, naye mzee akakiri kwamba hafundishi kitu kwa sababu yeye mwenyewe hajui kitu. Zamani alikuwa mchungaji wa nguruwe wa kijiji. Nguvu zilipomwishia akaondolewa kwenye nguruwe na kupewa watoto. Stuber alipotafuta vijana wenye akili wa kuchukua nafasi hiyo, hakuna familia iliyokubali mwanawe aitwe mwalimu wa shule, maana jina hilo lilikuwa limeshuka mno. Akafanya jambo la busara: akalibadili jina la cheo, akawapa walimu wapya heshima ya kuitwa warejenti. Kwa jina hilo familia zilikubali. Nalitaja hili kwa sababu linatuonyesha mapema kiini cha habari yetu. Kazi ya kufundisha haikupungukiwa na watu wenye akili. Ilipungukiwa na heshima. Nasi katika Tanzania, ambao hadi siku za karibuni tuliiita shule ya watoto wadogo kuwa ni shule ya vidudu, hatuna haki ya kuwacheka sana wanakijiji wale.

Oberlin, aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1740, alimrithi Stuber huko Waldersbach mwaka 1767 na kukaa hapo hadi kufa kwake mwaka 1826, muda wa miaka 59. Mengi yameandikwa juu yake: jinsi alivyoshika sururu yeye mwenyewe na kuwaongoza washarika wake kuchonga barabara na kujenga daraja, jinsi alivyostawisha kilimo cha viazi, jinsi alivyojenga nyumba za shule huku wanakijiji wakinung’unika kwa kuogopa gharama. Chuo cha Oberlin huko Ohio, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1833 na ambacho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuwapokea Waafrika wa Marekani na wanawake, kiliitwa kwa jina lake. Hayo ni kweli, lakini tuyaache. Jambo linalotuhusu lilianza bila yeye.

Binti mwenye sindano za kufuma

Sara Banzet alizaliwa mwaka 1745 katika familia ya wakulima wa bonde hilo. Alijua kufuma soksi kwa sufu, ufundi ambao wenzake wengi hawakuujua, akaanza kuwakusanya watoto wa jirani na kuwafundisha. Hakutumwa na mtu. Baba yake hakupendezwa, kwa maana mkono wa binti mkubwa katika nyumba ya mkulima maskini ni mali, na saa anazowapa watoto wa wengine zinatoka katika kazi ya nyumbani.

Oberlin alipopata habari, mnamo mwaka 1769, angeweza kufanya moja kati ya mambo mawili ambayo wachungaji wengi wangeyafanya. Angeweza kumsifu Sara kanisani na kumwachia mzigo wake, au kumkumbusha baba yake wajibu wa Kikristo wa kujitoa. Hakufanya hata moja. Alimwajiri Sara kwa makubaliano, akamlipa ujira. Kwa kitendo hicho pingamizi la baba lilijibiwa kwa hoja aliyoielewa: saa za binti yake zilikuwa na thamani, na thamani hiyo sasa ililetwa nyumbani. Sioni haya kusema kwamba kitendo hiki kina uzito katika historia ya elimu kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye juu ya hali ya roho ya mtoto.

Mahali pa kukutania palikuwa chumba chenye jiko la kuota moto, kile ambacho watu wa huko walikiita poêle, na kwa sababu ya kazi iliyofanyika humo vyumba hivyo vikajulikana kama vyumba vya kufuma. Tusidhani ya kuwa jina hilo linaeleza yote. Watoto wakubwa kidogo walifuma huku wakisikiliza, wadogo walicheza. Kiongozi aliwasimulia habari za Biblia na kuwaimbisha. Aliwaonyesha picha za wanyama na mimea, na ramani zilizoanza na bonde lao wenyewe kabla ya kwenda mbali. Majira yaliporuhusu waliwatembeza nje kuyatafuta mimea na maua waliyoyaona katika picha. Kitu kilitajwa kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kifaransa, na hivyo mtoto alivuka kutoka lugha ya mama kwenda lugha ya vitabu bila kuaibishwa. Wale wetu waliohudumu vijijini, ambako mtoto huja chekechea na lugha ya kabila lake na kukuta Kiswahili, watatambua mara moja ugumu wa kazi hiyo na ustadi unaohitajika.

Oberlin na mkewe, Madeleine-Salomé Witter, walichagua wasichana wengine wa bonde na kuwafundisha kazi hii, na mke wa mchungaji ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mafundisho hayo. Waliitwa viongozi wa watoto wachanga wa umri, jina la heshima kama lile la warejenti. Sara hakuishi kuona matunda. Alikufa mwaka 1774, hajatimiza miaka 30.

Yule aliyekumbukwa

Miaka michache baadaye aliingia katika nyumba ya mchungaji msichana wa kijiji cha Bellefosse, Louise Scheppler, aliyezaliwa mwaka 1763. Alikuja kama mtumishi wa nyumbani, akawa pia kiongozi wa watoto, akipita katika vijiji kwenye theluji kwenda kuwafundisha. Mke wa Oberlin alipofariki mwaka 1783 akiacha watoto wengi, Louise alichukua malezi ya nyumba nzima huku akiendelea na kazi yake ya vyumba vya kufuma. Mwanzoni mwa mwaka 1793 alimwandikia Oberlin barua akimwomba asimpe tena mshahara, bali amhesabu kuwa binti yake. Oberlin alikubali. Katika wosia wake aliwakabidhi watoto wake jukumu la kumtunza Louise kama ndugu yao. Nao walipotaka kumpa fungu katika urithi alikataa, akaomba tu ruhusa ya kuliunganisha jina la Oberlin na jina lake.

Hakuna msomaji mwenye moyo atakayelisoma jambo hili bila kuguswa, na mimi simo miongoni mwa wanaotaka kulipunguza. Lakini tuangalie lilivyotumiwa. Mwaka 1829 Académie française huko Paris ilimpa Louise tuzo ya wema iliyowekwa na Montyon, faranga 5,000, na mwanasayansi mashuhuri Georges Cuvier alimsifu hadharani kuwa ndiye aliyeanzisha malezi haya ya watoto wadogo. Louise alizielekeza fedha hizo kwenye kazi ya watoto. Sifa ile, hata hivyo, ilikuwa na kosa ambalo hesabu ndogo yaweza kulifichua: mwaka 1769, Sara alipoajiriwa, Louise alikuwa mtoto wa miaka mitano. Kwa umri angefaa kuwa mwanafunzi katika chumba cha kufuma, si mwanzilishi wake.

Kosa la tarehe husahihishwa kwa urahisi. Zito zaidi ni kwamba Ulaya ilipokuwa ikitafuta mfano wa mwalimu wa watoto wadogo, kati ya wanawake wawili ilimkumbuka yule aliyekataa mshahara na kumsahau yule aliyeupokea. Tena sehemu ya pili ya habari ya Louise ilisahauliwa pia. Aliuacha mshahara, naam, lakini aliuacha kwa nyumba: alikuwa na paa, chakula, jamaa, na uhakika wa kutunzwa katika uzee wake, hadi alipofariki mwaka 1837. Hakuacha ujira kwa kupata si kitu.

Kaiserswerth na Blankenburg

Wakati huo mawazo kama hayo yalikuwa yakiibuka kwingine. Huko New Lanark, Scotland, Robert Owen, mwenye viwanda vya nyuzi ambaye hakuwa rafiki wa Kanisa, alifungua mwaka 1816 shule ya watoto wa wafanyakazi wake, akawapokea mara tu walipoweza kutembea. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mfumaji wa nguo, James Buchanan. Samuel Wilderspin akalieneza jambo hilo Uingereza, lakini kwa umbo lililowakalisha watoto wengi sana kwenye ngazi za mbao mbele ya mwalimu mmoja, wakiitikia kwa pamoja. Umbo hilo lilisifiwa kwa kuwa la bei nafuu, na sioni sifa nyingine ya kuiongeza.

Fliedner alikuwa ameiona Uingereza. Kiwanda kilichotegemewa na usharika wake mdogo wa Kaiserswerth, kando ya mto Rhein, kilipofilisika, alisafiri hadi Uholanzi na Uingereza kuomba misaada, akarudi na fedha pamoja na mawazo. Mwaka 1836 yeye na mkewe Friederike walifungua shule ya watoto wadogo, na mwaka huohuo hospitali na nyumba mama ya mashemasi wa kike. Mwalimu wa watoto hao aliitwa Henriette Frickenhaus, na karibu naye kulianza mafunzo ya wasichana waliotaka kuwa walimu wa watoto wadogo. Kutoka hapo huduma ya mashemasi wa kike ilienea katika nchi nyingi.

Mpango wa Kaiserswerth ulikuwa wazi. Dada hakulipwa mshahara, alipewa fedha kidogo za matumizi; lakini nyumba mama ilimlisha, ilimvika, ilimfundisha, ilimtunza akiugua na kumtunza akizeeka. Twaweza kubishana juu ya utii uliodaiwa kwake, nao ulikuwa mkali. Hata hivyo, huo ulikuwa mkataba: kazi ya maisha kwa matunzo ya maisha. Ni hali ya Louise Scheppler iliyogeuzwa kuwa sheria ya chama kizima.

Fröbel alifuata njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1782 huko Oberweissbach, Thuringia, katika nyumba ya kichungaji. Mama yake alikufa yeye akiwa mchanga wa miezi michache, na waandishi wengi huona katika upweke ule chanzo cha kazi yake ya baadaye. Mwaka 1837 alianza taasisi yake mjini Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa kazi yake jina la bustani ya watoto, Kindergarten, jina ambalo lugha nyingi zimelichukua lilivyo. Alifundisha kwamba mchezo wa mtoto ni kazi yake halisi, akatengeneza mipira, miche na vitalu vya mbao vilivyopangwa kwa utaratibu. Muhimu kwa swali letu ni kwamba alidai mwalimu wa watoto wadogo awe mtu aliyesomea, mwenye taaluma yake, wala si mwanamke yeyote mwenye huruma.

Watu wa Kanisa walimtilia shaka. Walisema anamsifu mtoto mno na kuisahau dhambi ya asili. Upande wake ulijibu kwamba wao wanaona dhambi hata pasipo mchezo. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prusia, chini ya waziri Karl von Raumer, ilipiga marufuku bustani za watoto kwa madai kwamba zinafundisha ukafiri na ujamaa. Waziri alichanganya maandishi ya Fröbel na ya mpwa wake, Karl Fröbel. Lakini hata kosa lilipoelezwa, marufuku haikuondolewa. Fröbel alikufa mwaka uliofuata. Marufuku iliondolewa mwaka 1860, baada ya juhudi ndefu za Bertha von Marenholtz-Bülow na wenzake.

Serikali iliyotaka kuikomesha kazi hiyo iliisaidia kuenea, kama ilivyokuwa kwa kanisa la Yerusalemu lilipotawanywa. Walimu wanawake waliokosa nafasi nyumbani waliibeba nje. Bertha Ronge aliipeleka London. Margarethe Schurz alifungua bustani ya watoto iliyotumia Kijerumani huko Watertown, Wisconsin, mwaka 1856. Tokyo ilipata yake mwaka 1876, na miongoni mwa walimu wake wa kwanza alikuwamo mwanamke Mjerumani, Clara Matsuno. Tukitazama vizuri, mabishano ya wanaume juu ya asili ya mtoto yalichukua kurasa nyingi, na kazi yenyewe ilisafiri katika masanduku ya wanawake.

Tulichorithi

Kanisa letu limerithi kutoka pande zote hizi, lakini limerithi kwa vipande. Katika sharika nyingi chekechea hufanyika katika jengo la kanisa au chumba pembeni yake, siku za juma, na mwalimu wake mara nyingi ni binti wa usharika au mama aliyeitikia wito. Anatarajiwa kuwa na moyo wa Louise, bila nyumba ya Oberlin. Anaambiwa kazi yake ni huduma, kama ya mashemasi wa Kaiserswerth, bila nyumba mama ya kumtunza akiugua. Anadaiwa ustadi wa mwalimu wa Fröbel, bila kupelekwa chuo. Serikali nayo, tangu sera ya elimu ya mwaka 1995 ilipoiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa Tanzania, imeongeza matarajio ambayo wazazi huyaleta mlangoni pa usharika.

Si kwamba hakuna waliofanya vizuri. Masista wa Ushirika wa Neema, Moshi, ambao mizizi yao kwa njia ya mashemasi wa Augsburg hufika hadi mapokeo ya Fliedner, wamewafundisha walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Maria Montessori. Na mfano mmoja ulio karibu sana na ule wa Sara Banzet unatoka kwa jirani zetu Waislamu. Huko Mombasa, kuanzia mwaka 1986, kwa msaada wa Shirika la Aga Khan, Bi Swafiya Said aliwachagua wanawake kutoka katika jamii zilezile zilizohitaji shule, akawafundisha, akawafuata darasani kuwashauri, na kuisaidia kila jamii kuunda kamati ya kuisimamia shule yake ya awali iliyoshikamana na madrasa. Kazi hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mwanafunzi wa theolojia anayetafuta mada ya utafiti angefanya vema kuulinganisha mpango huo na ule wa Bonde la Mawe, hasa jinsi kila mmoja ulivyotafuta fedha za kudumu.

Kwa maana hapo ndipo chekechea nyingi za sharika huvunjika. Mwalimu hulipwa kwa ada ya wazazi. Mvua zikikosekana, au bei ya kahawa ikianguka, mzazi humtoa mtoto kwanza katika chekechea kabla ya kugusa jambo lingine, na mshahara wa mwalimu huondoka pamoja na mtoto. Miezi miwili baadaye mwalimu naye ameondoka, na baraza la wazee huanza kutafuta binti mwingine. Mavuno ya Ban de la Roche yalikuwa haba kuliko yetu, nao wazazi wa huko walikuwa tayari wananung’unikia gharama za shule. Fedha za Sara Banzet hazikutoka mifukoni mwao. Oberlin alizitoa katika posho yake mwenyewe, na iliposhindwa, aliwaandikia marafiki zake wa Strasbourg.